Ufa wa rejeta hauponi kwa gundi wala kwa dumu la maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa hivi karibuni kwamba mwenye gari kuukuu linalochemsha hana haja ya kuhangaika, mradi awe na dumu la maji kwenye buti na gundi ya kuzibia rejeta inapopasuka. Alimalizia barua yake kwa methali ya ufa na ukuta. Sina shaka kwamba nia yake ilikuwa kuwaokolea wenzake gharama, na kwa hilo namheshimu, lakini ushauri wake ndio huo huo nilioufuata mimi miaka michache iliyopita, na mwisho wake injini yangu ilishushwa ikiwa haifai tena. Methali ile inahusu ukuta. Rejeta hubeba maji ya moto yaliyobanwa kwa shinikizo, na katika chombo cha namna hiyo kuziba ufa na kuuponya ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa.

Wengi wetu tunadhani kazi ya maji ya rejeta ni kujaa tu, kwamba ukiona yamepungua unaongeza na mambo yamekwisha. Katika injini ya kawaida ya petroli, takriban thuluthi moja ya joto linalotokana na mafuta huchukuliwa na maji ya kupozea, yakalipeleka kwenye rejeta, na hapo upepo ukalitoa nje. Maji hayo hayaachwi yazunguke ovyo. Themostati huyazuia ndani ya injini mpaka yafikie joto la kazi, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 82 na 95 za sentigredi, ndipo hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Na mfuniko wa rejeta, ambao watu huuchukulia kama kizibo cha chupa, ni vali yenye springi. Huo ndio unaoubana mfumo mzima mpaka shinikizo lifikie kiwango kilichoandikwa juu yake, mara nyingi karibu na bar 1, na kwa shinikizo hilo maji ambayo yangechemka kwa nyuzi 100 hustahimili hadi karibu nyuzi 120. Nafasi hiyo ya nyuzi 20 ndiyo inayoiokoa injini unapopanda mlima au unapokwama kwenye foleni siku ya jua kali.

Sasa rejeta ikipata ufa, hata ule mwembamba kama unywele, shinikizo hupotea mapema kuliko maji. Maji huanza kuchemka pale penye joto kali zaidi, yaani kuzunguka vyumba vya mwako kwenye silinda hedi, yaani kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda, na mapovu ya mvuke hayakipozi chuma kama maji yanavyokipoza. Ndiyo maana gari linaweza kuchemsha likiwa bado na sehemu kubwa ya maji yake, na dereva akashangaa kwa kuwa akichungulia anaona maji yapo. Dumu la maji haliwezi kurudisha shinikizo. Gundi inaweza, kwa siku chache, na hapo ndipo inapotudanganya.

Magari ya zamani kabisa yalikuwa na rejeta za shaba zilizounganishwa kwa risasi, na kwa hizo msomaji mwenzangu ana haki: fundi stadi huitoa, huisafisha, huichomelea kwa risasi, nayo ikadumu miaka. Lakini kuanzia miaka ya 1970, na hasa ya 1980, watengenezaji walihamia kwenye rejeta yenye kiini cha alumini na matanki ya plastiki, ama juu na chini, ama kushoto na kulia, yaliyoshikwa na meno ya alumini yaliyokunjwa juu ya mpira wa kuzuia kuvuja. Magari mengi tunayoyaita kuukuu leo ni ya namna hiyo. Plastiki yenyewe ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, nayo ni imara inapokuwa mpya. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano ya kupata moto na kupoa kila siku, weusi wake hugeuka kuwa hudhurungi, ikakauka na kuvunjika kama kigae. Ufa kwa kawaida huanzia kwenye shingo inayoshika mpira wa juu wa rejeta, yaani bomba la mpira linaloleta maji kutoka kwenye injini, ambako maji huingia yakiwa ya moto zaidi na ambako kila mtikisiko wa injini huvuta, au huanzia kwenye mshono ule wa meno. Ukiona ufa mmoja katika plastiki ya umri huo, tanki zima limechoka kwa kiwango kile kile, ila huo ndio uliotangulia kuonekana. Gundi inayoshika juu ya plastiki iliyochoka hubanduka pamoja na plastiki yenyewe.

Langu lilianza polepole. Kila asubuhi nilikuta maji yamepungua, mwanzoni nusu glasi, baadaye nusu lita. Niliinama chini ya gari, nikakuta sakafu kavu, nikajifariji kwamba halivuji. Sikujua kwamba ufa wa plastiki hujifunga gari likipoa na kufunguka likipata moto, na kwamba maji yanayotoka wakati huo huangukia mapezi ya moto ya rejeta yakakauka kabla ya kufika chini. Dalili zilikuwepo kwa mwenye kuangalia. Kulikuwa na harufu tamutamu kila nilipozima injini, na chini ya shingo ya mpira wa juu palikuwa na mstari mweupe wenye ukungu wa kijani, mgumu kama chumvi iliyokaukia kwenye jiwe, ulioteremka kutoka kwenye tanki hadi kwenye mapezi. Niliufuta kwa kitambaa nikidhani ni uchafu. Baada ya siku mbili ulikuwa umerudi mahali pale pale.

Fundi wa gereji niliyoizoea alinimulikia tochi nikauona ufa wenyewe, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba. Alipakwangua kwa msasa, akapaka gundi ya chuma, akaniambia niiache ikauke usiku kucha. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi, katikati ya mlima mrefu, mshale wa joto ulipanda hadi karibu na alama nyekundu, na kabla sijapata pa kusimama ukaanguka ghafla hadi chini kabisa. Nilishukuru Mungu. Niliona kwamba gari limepoa, nikaendelea na safari kwa dakika kama kumi hivi, na dakika hizo kumi ndizo zilizoiua injini.

Ningependa kila dereva alielewe jambo hili kabla ya mengine yote. Sensa ya joto imetengenezwa ipime maji yanayoigusa. Maji yakitoka, hubaki imening'inia katika hewa na mvuke, na inaweza kuonyesha joto dogo wakati chuma kinaungua. Mshale unaoanguka ghafla baada ya kupanda ni habari mbaya kuliko mshale uliobaki juu. Kipo kipimo cha pili ambacho nilikuwa nacho mkononi bila kukijua, nacho ni hita. Ukiwasha hita kwa joto la mwisho wakati gari linachemsha na hewa inayotoka ikawa baridi, maji hayafiki tena huko, na injini inapaswa kuzimwa hapo hapo ulipo, hata kama ungebakiza mita mia mbili ufike.

Kilichofuata kwangu kinawapata wengi. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, na silinda hedi ya alumini iliyofungwa kwa boliti juu ya bloku ya chuma haina pa kutanukia inapopata moto kupita kiasi, kwa hiyo hupinda. Gasketi iliyo kati yao hushindwa kubana, gesi za mwako huingia kwenye njia za maji, na maji huingia kwenye silinda au kwenye oili. Hedi yangu ilikuwa imepinda na tena ina ufa kati ya vali mbili, kwa hiyo hata kuichonga kusingefaa kitu. Kipande cha plastiki cha urefu wa ukucha ndicho kilichofikisha mambo huko, na rejeta nzima mpya ingegharimu sehemu ndogo tu ya hasara ile.

Siupingi uzoefu wa msomaji mwenzangu wa kubeba dumu. Mimi pia ninalo, na ninaona ni busara. Lakini dumu ni la kumfikisha mtu kwa fundi safari moja, tena baada ya kusubiri. Gari likianza kuchemsha, zima kiyoyozi, washa hita na feni yake kwa nguvu ya mwisho hata kama utatoka jasho, kwa maana hita ni rejeta ndogo ya pili, kisha tafuta mahali salama pa kusimama na uzime injini. Boneti unaweza kuifungua kwa tahadhari iwapo hakuna mvuke unaofoka. Mfuniko wa rejeta usiguswe. Maji yaliyobanwa kwa nyuzi 115 hugeuka mvuke papo hapo shinikizo linapoachiliwa, na watu wameunguzwa uso na mikono kwa haraka hiyo ya kutaka kuona ndani. Subiri nusu saa mpaka saa nzima. Ukibana mpira wa juu kwa kitambaa kinene na ukauona mlaini, usio mgumu kama tairi, ndipo ufungue mfuniko kidogo kidogo. Na maji ya baridi yasimiminwe ndani ya injini yenye moto, wala juu yake, kwa kuwa chuma kinachopoa ghafla sehemu moja hupasuka.

Nina jambo pia na mafundi wetu, nikiwaandikia kwa heshima, kwani wengi wao wana mikono mizuri kuliko vitabu. Gari linalochemsha likifika gereji, dawa ya kwanza inayotolewa mara nyingi ni kuing'oa themostati na kuitupa. Mteja hufurahi kwa kuwa mshale hushuka. Lakini injini iliyotengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 90 sasa inazunguka ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi, oili yake haipati moto wa kutosha kuuondoa unyevu, na sehemu zake husagika upesi. Tena katika injini nyingi themostati ikifunguka hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na siku ya mlima mkali sehemu ya maji hukwepa rejeta kabisa. Themostati iliyokwama hubadilishwa kwa nyingine. Iliyo nzima haina kosa, na kuiondoa kwa sababu ya ufa wa rejeta ni kumwadhibu asiyehusika.

Ninachowaomba ni wapime kabla ya kukisia. Ipo pampu ndogo ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko gari likiwa baridi. Unaupandisha mfumo hadi shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko, kisha unasubiri dakika kumi au kumi na tano. Mshale wa pampu ukishuka, kuna mahali panapovuja, na ufa ambao ulijificha hujionyesha kwa tone. Mfuniko wenyewe hupimwa kwa pampu hiyo hiyo, na si mara chache ndio mkosaji peke yake. Mazingira ya kuchemsha nayo yanasema mengi. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia, mwanzo wa kutafuta ni feni: mota yake, fyuzi, rilei, au klachi yake kama inazungushwa na mkanda. Linalotulia kwenye foleni lakini likachemsha mlimani au kwenye mwendo wa kasi, shuku mirija ya rejeta iliyoziba. Linalopoteza maji bila tone kuonekana popote hata kwa pampu, likatoa moshi mweupe usiokwisha na mipira yake ikawa migumu dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, huenda gasketi ya hedi imekwisha kuungua. Zulia la abiria wa mbele likilowa maji yenye utelezi, ni hita inayovuja ndani.

Kuhusu unga wa kuzibia, na mayai na pilipili ambazo watu humimina kwenye rejeta, nitasema kwa kifupi. Kitu chochote kinachoganda kwenye ufa kinaweza kuganda pia kwenye mirija myembamba ya hita na ya rejeta yenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kuziba tundu moja na kuzaa magonjwa mawili.

Rejeta inapobadilishwa, ibadilishwe pamoja na mfuniko, na mipira yake ikaguliwe kwa kuibonyeza, kwa sababu umri wao ni mmoja. Nisingeirudisha themostati ya zamani pia wakati mfumo umeshafunguliwa. Mwenye gari la gia za otomatiki aangalie zaidi, kwani katika magari mengi ya aina hiyo oili ya gia hupozwa ndani ya tanki la rejeta. Ufa wa ndani huko huchanganya maji na oili, ikageuka rangi ya waridi yenye povu, na giaboksi ikafuata njia ya injini. Ukiikuta rangi hiyo kwenye rejeta au kwenye kijiti cha oili ya gia, gari lisiendeshwe tena hata hatua moja. Na rejeta mpya ikishafungwa, oili ya gia iliyomwagika wakati wa kazi irudishwe hadi kiwango chake, jambo linalosahauliwa mara nyingi.

Maji ya bomba na ya kisima yana madini ambayo hubaki ndani kama ukoko wa birika, na kila ukiongeza asubuhi unaongeza ukoko. Kwa hiyo jaza maji yaliyokenekwa pamoja na kulanti, yaani dawa ya majimaji inayouzwa kwa ajili ya rejeta, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo huzuia kutu, na hata bila shinikizo huchemka kwa nyuzi chache zaidi ya maji matupu. Rangi ya kulanti isikuongoze, kwa kuwa kila mtengenezaji hutia rangi anayoipenda, na baadhi ya aina zikichanganywa huganda kama ute. Soma kitabu cha gari au ibebe chupa ya zamani uilinganishe. Baada ya kujaza, hewa itolewe: injini iwashwe mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la mwisho, isubiriwe mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe, kisha iongezwe. Rejeta mpya yenye kifuko cha hewa ndani huchemsha siku ile ile, na rejeta ikalaumiwa bure. Nayo kulanti iliyomwagwa isiachwe chini. Nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni tamu mdomoni na ni sumu, na mbwa au mtoto mdogo ataionja.

Kwa msomaji mwenzangu, kama gari lake bado linatembea kwa gundi, nina ombi moja. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha na likiwa baridi, achomoe kijiti cha oili ya injini na afungue mfuniko wa kujazia oili auangalie kwa chini. Akikuta oili ni safi, bado ana nafasi: aende gereji mwendo wa polepole akiutazama mshale, aitoe rejeta ile na asiirudishe. Akikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye oili: asiliwashe, alivute.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi na mwenye gari la mwaka 1996